Leseni ya Nchi Mbili

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nimenyimwa leseni. Mara ya tatu! Karani wa leseni za ujenzi, Bwana Bakili, alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, kisha akaniuliza kama jengo nililoliandika kwenye fomu ndilo lile banda la kuku la Ilala. Nikamwambia ndilo. Akasema banda la kuku si jengo. Nikamwuliza, kuku wanakaa wapi basi, hewani? Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Mtu asiyeweza kucheka hafai kukabidhiwa muhuri.

Masharti yake hayabadiliki. Kontrakta aonyeshe kazi moja aliyoifanya mwenyewe kwenye nyumba wanamokaa watu. Mwenye nyumba aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhika. Kisha Bwana Bakili aje achome ukuta kwa ncha ya mwavuli wake. Ukitoboka, huna leseni. Tanganyika nzima, kutoka Moshi mpaka huku pwani, inapimwa kwa mwavuli wa mtu mmoja! Halafu tunaambiwa nchi inaendelea.

Mlangoni nikakutana na Severine. Mtu wa Kibosho, Mchaga wa Kilimanjaro kama mimi, lakini si wa kwetu. Ana leseni tangu mwaka jana, na sasa ana gari la mizigo linalotoa moshi kuliko jiko la kuni. Akanisalimu vizuri, akaniuliza kama nahitaji mbao, anazo zimebaki. Hiyo ndiyo dharau ya watu wa Kibosho, wanakudharau kwa kukupa mbao. Nikamjibu kwamba sisi wa Kilema tuna mbao zetu. (Sina.)

Jioni nikaenda Ilala kwa Winifrida. Anakaa kwa shangazi yake, anashona sare za shule, na akiuma uzi kwa meno mimi husahau nilichokuwa nasema. Tangu Pasaka nimekuwa nikimwambia leseni iko tayari, umebaki muhuri tu. Leo akauliza huo muhuri unachongwa wapi, Ulaya? Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye cherehani, kwamba matangazo ya ndoa yataanza kusomwa kanisani Jumapili ya tarehe 16. Jumamosi ya kabla yake nikiwa na leseni mkononi, litasomwa jina langu na lake. Nikiwa sina, Severine naye ameshapeleka maneno ya posa, na shangazi anampenda kwa kuwa alimzibia paa bila kuombwa. Amechoka na mtu wa maneno, alisema. Anataka mtu ambaye kazi yake inaonekana.

Nampenda Winifrida. Naandika humu kwa kuwa humu hasomi mtu. Zimebaki siku kumi na mbili.

Jumanne, 4 Septemba

Severine kuziba paa bila kuombwa! Huo si upendo, ni umbea wa juu ya nyumba.

Asubuhi nilikaa dukani kwa Bwana Natvarlal, Mtaa wa Narung'ombe, anakouza saruji, misumari na mabati. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji mpaka akaniomba nihamie juu ya kreti. Nduguye ana duka kama hilo Unguja, kwa hiyo anajua biashara ya huku na ya kule. Nikamwuliza kule wanampimaje kontrakta. Akasema kule hakuna fomu ya kurasa nne. Mafundi wakubwa wakikujua na wakikutaja, serikali ya kule inakuandika. Wasipokutaja, hata uje na fomu ya kurasa mia.

Nusura nianguke kwenye kreti. Mdomo tu! Na mimi kama nina kitu, ni mdomo.

Bwana Natvarlal akaharakisha kuniambia kwamba leseni ya kule haitambuliki huku, kila nchi na daftari lake. Anauza misumari katika nchi mbili na bado ana mawazo ya duka moja. Leseni iliyotoka katika nchi ya Sultani itawekwa mezani kwa Bakili na mwavuli wake, tuone nani atainuka kitini.

Nimemuaga Bi Sofia, mwenye nyumba wangu. Nyumba yake ni hii ya vyumba sita hapa Kariakoo, na mimi nakaa chumba kidogo cha mbele kwa ahadi kwamba nitamtengenezea sakafu ya ukumbi, ule unaotoka mlango wa barazani hadi uani. Ahadi ina mwaka mmoja. Akaniuliza naenda wapi na mkoba. Nikamwambia naenda kufanya utafiti wa masoko mawili ya ukontrakta. Akaniuliza kama huko kwenye utafiti kuna sakafu. Wanawake wa pwani hawana subira na elimu.

Jumatano, 5 Septemba

Melini. Nimetapika. Bahari haikujengwa vizuri, hakuna sehemu hata moja iliyonyooka. Sitaandika zaidi.

Alhamisi, 6 Septemba

Unguja. Nimelala kwenye nyumba ya wageni ambayo ukuta wake una unene wa mkono mzima, toka bega hadi kidole. Upotevu wa mawe! Ukuta mmoja wa hapa ungetosha vyumba vitatu vya Kariakoo.

Nduguye Natvarlal alinielekeza kwa Fundi Ramadhan, ambaye akikutaja basi umetajwa. Nilitarajia mzee. Nikamkuta mtu wa makamo, mnene, yuko juu ya jukwaa la miti anatafuna mhogo wa kuchoma. Nikajitambulisha kama kontrakta wa Tanganyika. Akaniuliza nimesoma kwa fundi gani. Nikamwambia sikusoma kwa mtu, ninacho kipaji. Mafundi wote wakaacha kazi kunitazama.

Akanipa timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta, nimwambie kama ukuta umesimama. Nikaishika. Ikayumba. Nikatoa hukumu kwamba ukuta umepinda sana na ubomolewe kabla haujaua mtu. Fundi Ramadhan akasema kwa sauti ya upole, "Ukuta una miaka mia, bwana. Wayumba weye." Ni kweli kwamba meli ilikuwa haijanitoka miguuni, lakini mtu mwenye adabu hasemi hivyo mbele ya vibarua. Nikawaeleza kwamba kwetu Kilema nyumba za wazee wetu ni za duara, na duara haina pembe, kwa hiyo haiwezi kupinda pembe, hivyo sisi timazi hatuihitaji. Wakatazamana. Mmoja akashuka jukwaani ili acheke vizuri.

Hawakunitaja.

Nimekaa kwenye ngazi ya msikiti wa watu nikaandika matokeo ya utafiti. Unguja: leseni ni mdomo wa mafundi, na midomo yao ni migumu. Tanganyika: leseni ni mwavuli wa Bakili. Unguja: mafundi ni wachache, kila mmoja anajua babu wa mwenzake. Tanganyika: mafundi ni wengi kama nzi, na nusu yao wanatoka Kibosho. Unguja: nyumba za mawe. Tanganyika: nyumba za miti na udongo. (Hili la mwisho halina uzito.)

Zimebaki siku tisa na nauli ya kurudi tu. Nimelia kidogo. Vumbi la chokaa.

Ijumaa, 7 Septemba

NIMEPATA!

Nilipita tena pale kwa Fundi Ramadhan ili anione kwamba sijali. Nikasikia ngoma. Juu ya nyumba, darini, watu zaidi ya thelathini, wake kwa waume, wamechuchumaa kwa safu, kila mmoja na kibao mkononi, wanapiga sakafu mbichi ya chokaa na kokoto kwa mpigo mmoja. Mama mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, wanapiga, wanasogea. Siku tatu mfululizo, nikaambiwa, mpaka sakafu ikauke ngumu kama jiwe la kusagia. Nikauliza hao vibarua wamekodiwa wapi. Fundi Ramadhan akashangaa. Akasema hao si vibarua, ni majirani na jamaa. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye nyumba anapika, anaita ngoma, basi.

Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: BURE.

Hii ndiyo tofauti ya masoko mawili! Huku kwetu kontrakta anabeba vibarua mgongoni. Kule anapiga ngoma tu, kazi inakuja yenyewe ikicheza. Na hakuna mtu Tanganyika aliyeliona hili, na walioliona hawakulielewa, na walioelewa ni wa Kibosho wakanyamaza.

Fundi Ramadhan akanionya kuhusu chakula, kwamba pilau iwe ya kweli, mkono mtupu haulambwi. Nikaandika: chakula kipunguzwe. Kisha akaingia kwenye habari ndefu ya kuta, unene wa kuta, mawe ya kuta, kwa nini kazi ile hufanywa kwenye nyumba za namna ile tu. Wino ulikuwa unakaribia kwisha, sikuandika.

Jumamosi, 8 Septemba

Melini tena. Tena nimetapika. Lakini safari hii nilitapika kama mtu mwenye mpango.

Jumapili, 9 Septemba

Baada ya misa nilimwendea Winifrida nje ya kanisa, nikamwambia nitapiga sakafu ya Kiunguja kwa Bi Sofia na Jumamosi ijayo ataishika leseni kwa mikono yake. Akaniuliza kama ni kweli ya kweli au ni kweli yangu. Nikaapa. Akatabasamu, upande mmoja tu wa mdomo, lakini ulikuwa upande ulioelekea kwangu.

Severine akaja na suti. Hana haya. Alipewa habari ya sakafu na shangazi, maana shangazi humwambia kila kitu. Akaniuliza nyumba ya Bi Sofia ni ya nini. Nikamwambia ni ya Bi Sofia. Akasema anauliza kuta ni za nini. Nikamwambia mimi nimealikwa kutengeneza sakafu, kuta azipende yeye. Akakuna kichwa akasema kama nitapata shida nimwite, hata iwe saa ngapi. Wivu mbaya sana. Anajua soko lake linakufa.

Jumatatu, 10 Septemba

Bi Sofia amekubali! Nilimweleza sakafu ya Kiunguja, ngoma mlangoni, mtaa mzima unaimba jina lake. Akauliza kama ile chokaa yake bado inafaa. Ana mapipa mawili uani, aliilowesha mwaka jana siku ileile niliyoahidi, na kokoto rundo zima ambalo kuku wamelifanya mlima wao. Nikakumbuka mafundi wa Unguja wakisema chokaa bora ni ile iliyolowa muda mrefu. Kumbe nilikuwa naiivisha! Kwa mwaka mzima watu wameuita uvivu, kumbe ulikuwa ufundi.

Akaweka sharti moja. Nyumba hii aliachiwa na marehemu mumewe, na kila chumba kina mpangaji, na hana kingine duniani. Nisiiharibu. Nikacheka kwa heshima.

Jumanne, 11 Septemba

Nimemwalika Bwana Bakili aje Jumamosi saa nne na mwavuli wake. Akaandika kwenye kitabu bila kuniangalia, kisha akaniuliza kama safari hii ni bata. Kumbe anaweza kutania! Anatania vibaya.

Mchana nimezunguka mtaa nikialika watu. Nilisema ngoma na chakula. Hakuna aliyeuliza chakula gani. Kariakoo watu wanaamini upesi sana, ndiyo maana wanauziwa saa zisizo na mashine ndani.

Jumatano, 12 Septemba

Tumemwaga chokaa, kokoto na mchanga ukumbini. Bi Sofia aliniazima majirani wawili, maana mimi nilikuwa nasimamia. Kusimamia kunachosha kuliko kubeba. Wapangaji sasa wanaingilia dirishani. Mmoja, seremala mnene, alikwama nusu saa na akatoa maneno ambayo sitayaandika hata humu.

Alhamisi, 13 Septemba

Siku ya kwanza ya kupiga. Walikuja watu arobaini! Ukumbi haukutosha, wakapokezana. Ngoma mlangoni, mimi katikati na koti. Nyumba nzima ilikuwa inadunda kwa mpigo mmoja. Raha iliyoje kuona watu arobaini wakikutumikia bila ujira!

Chakula kilikuwa ndizi za kuchemsha na maharage. Walitazama sufuria kwa muda. Mzee mmoja akaniuliza pilau inafuata? Nikamwambia ndizi ni chakula cha wakuu kule mlimani. Akasema basi wapelekewe wakuu.

Jioni Bi Sofia aliniita chumbani kwake akanionyesha ufa. Mwembamba, toka darini hadi kitandani. Udongo ulikuwa umemwangukia kwenye kikombe cha chai. Akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia mimi wala sizibi wala sijengi ukuta, natengeneza sakafu, kila kazi na fundi wake. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Ijumaa, 14 Septemba

Siku ya pili. Ndizi bila maharage. Mbinu! Nimegundua kwamba watu wakikasirika wanapiga kwa nguvu zaidi. Jana walipiga kama wanaopepeta mchele. Leo walipiga kama wanaoua nyoka. Fundi Ramadhan na pilau yake hajui siri hii. Soko la Unguja limelala kwa shibe.

Wametunga wimbo mpya, una jina langu. Sijawahi kuimbwa maishani.

*Isidori ana sufuria,*
*sufuria pana la kufunikia,*
*tumefunua, tumeangalia,*
*Isidori, umetuonea!*

Mistari ya mwisho inahitaji kufanyiwa kazi, lakini sauti zilikuwa nzuri. Sakafu imeanza kung'aa. Udongo unaendelea kudondoka kutoka kwenye kuta, kidogo kidogo, kama unga. Seremala anasema chumbani mwake sasa anaweza kumwona mpangaji wa chumba cha pili akivaa. Nikamwambia ujirani mwema huanza hivyo.

Kesho saa nne Bakili. Kesho jioni Winifrida. Nimepiga koti pasi.

Jumamosi, 15 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu, kwa kuwa watu wataandika uongo.

Saa tatu watu walifika wakakuta uji. Uji mtupu. Walichukua vibao, wakachuchumaa, mama mmoja wa mtaani akaanzisha ule wimbo wangu, wakapiga. Sijaona upigaji ule Unguja wala popote. Mabati yalikuwa yanacheza. Sufuria za Bi Sofia zilikuwa zinatembea zenyewe kwenye rafu.

Saa nne kamili Bwana Bakili akaingia. Akasimama ukumbini, akaitazama sakafu, nikamwona, nawaapia watakatifu wote nilimwona, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainua mwavuli akagusa ukuta. Kidogo tu! Kwa ncha!

Kuta zote zikashuka.

Si miti. Miti ilibaki imesimama, na fito zake, na mabati juu. Ni udongo wote, pande zote mbili, vyumba sita, ulishuka kwa pamoja kama mtu aliyevua kanzu. Vumbi lilipotulia nyumba ilikuwa tenga la kuku. Ungeweza kusimama barazani ukamwona jirani wa nyuma uani kwake akisuka nywele. Seremala alikuwa kitandani na shuka moja, na Kariakoo nzima ikamsalimu. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Jambo la ajabu ni kwamba wapigaji hawakuacha. Walidhani ndivyo Kiunguja kilivyo. Wakamaliza ubeti.

Nasema ni mwavuli. Nitasema hivyo mpaka kaburini.

Bi Sofia alikuwa amesimama uani na mkono kifuani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Nyumba ya mume wangu, Isidori." Nikaangalia viatu vyangu.

Bwana Bakili, mweupe kwa vumbi toka kofia hadi soksi, akainama akachoma sakafu kwa mwavuli. Ncha ikapinda. Akachoma tena kwa nguvu. Ikapinda upande wa pili. Akasema kwa miaka yake yote hajaona sakafu ngumu hivyo Dar es Salaam. Nikanyoosha mkono nipokee leseni. Akasema leseni ya ujenzi hutolewa kwa jengo, na hapa hakuna jengo, kuna sakafu yenye miti. Ila, akasema, akifuta miwani, ofisi ina orodha ndefu ya nyumba chakavu zinazongoja kubomolewa, na wabomoaji wake huchukua wiki nzima kwa nyumba moja, na sururu, na mara nyingi mtu anavunjika mguu. Yeye hajawahi kuona vyumba sita vikishuka kwa pigo moja bila hata kuku kujeruhiwa. Akachukua karatasi, akaandika, akapiga muhuri. Muhuri! Wa rangi ya zambarau, bado mbichi.

Nikakimbia mpaka Ilala bila kuifunga kamba ya kiatu.

Winifrida alikuwa kwenye cherehani. Nikamnyooshea karatasi, kidole gumba changu nimekiweka juu ya mstari wa pili, kwa bahati tu. Akasoma kwa sauti: Leseni. Akasoma jina langu. Akatazama muhuri, na uso wake ukafunguka, ule uso ninaoujua mimi tu. Kisha akakishika kidole changu, taratibu, akakiondoa. Ya kubomoa, akasoma.

Alikuwa bado ameshika kidole. Ni mara ya kwanza mwaka huu kunishika mkono. Akaniuliza Bi Sofia atalala wapi leo. Nikasema sijui. Akakiachia kidole, akachukua kanga yake, akamwita shangazi, wakaenda kumtafuta Severine.

Jumapili, 16 Septemba

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Padre akasoma matangazo. Severine wa Kibosho na Winifrida wa Kilema. Nilidhani amekosea karatasi. Nikangoja asahihishe. Akaendelea na tangazo la mchango wa mishumaa.

Imeniuma. Nimejaribu kuandika dharau hapa na haikuja. Inauma hapa chini ya mbavu, mahali ambapo sikujua kama nina kitu.

Baadaye. Imekuja. Amevaa suti ileile ya Jumapili iliyopita! Na ni tangazo la kwanza tu kati ya matatu.

Jumatatu, 17 Septemba

Nimeamka nikiwa nimelala ukumbini, juu ya sakafu yangu. Bi Sofia ndiye aliyeamua nilale hapo, ili niijue. Nimeijua. Mgongo mzima unaijua.

Jana mchana kutwa Severine na vibarua wake, na majirani walewale wa vibao, walikandika udongo nyumba nzima. Bi Sofia aliwapikia pilau. Pilau ya kweli, ya nyama! Kwa hiyo uwezo wa kupika alikuwa nao muda wote akaninyima. Kuta mpya zimenyooka, nakiri, lakini zimenyooka kwa namna ya kawaida sana. Watu wanaopita mtaani hawaangalii kuta. Wanavua viatu wanakuja kukanyaga sakafu. Bwana Natvarlal mwenyewe alikuja, akaipiga kwa kisigino, akasema hata Unguja hajaiona ya namna hii. Kisha akanieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba Mombasa mambo ya leseni ni tofauti kabisa na huku na kule. Nimemwambia anieleze zaidi kesho. Nchi tatu!

Asubuhi Severine alikuja, udongo mpaka kwenye viwiko. Nilijua amekuja kujisifu. Hakujisifu, ambayo ni namna mbaya zaidi ya kujisifu. Akasema amepata kiwanja Ilala cha kujenga nyumba yake na Winifrida, lakini kina nyumba kuukuu juu yake, na sheria inataka mbomoaji mwenye leseni, na mwenye leseni ya karibu ni mimi. Akaniomba kwa adabu. Kwa hiyo kontrakta mkubwa wa Kibosho, mwenye gari na suti, hawezi kuweka hata jiwe la msingi mpaka Isidori wa Kilema apite kwanza! Nikamfanya angoje kidogo kabla sijakubali. Winifrida atakuwa amekaa dirishani kwa shangazi yake, jirani kabisa, ataona kazi yangu kwa macho yake. Si ndicho alichokitaka, mtu ambaye kazi yake inaonekana?

Nitafanya Kiunguja. Ngoma, vibao, wimbo uleule. Nimeshaalika watu sitini kwa Jumamosi. Severine alisisitiza nibomoe kwa mkono, kipande kwa kipande, akaingia kwenye habari ndefu ya ukuta wa kulia, jinsi ulivyoshikana na wa nyumba ya shangazi yake Winifrida. Wino ulikuwa unakaribia kwisha, sikuandika.

Chakula: uji.